Baba alifariki kwa saratani ya kongosho: nile nini, niache nini?

"Shikamoo daktari. Baba yetu alifariki mwaka jana kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 67. Tangu hapo nimeacha nyama, sukari na kahawa, na sasa hata chai naiogopa. Nina miaka 43, sivuti sigara, ila uzito umenizidi kidogo. Kaka yangu wa miaka 54 anavuta, na juzi juzi amegundulika ana kisukari. Naye amepungua sana, tunadhani ni kwa sababu ya masharti ya chakula. Kwenye makundi ya WhatsApp naambiwa sukari ndiyo inayolisha saratani, na kwamba kuna vidonge vya kulinda kongosho. Naomba uniambie: chakula gani kinaleta ugonjwa huu, na kipi kinauzuia?"

Marahaba, na pole sana kwa msiba wa mzee. Utaniwia radhi, naanza na jambo ambalo hukuniuliza.

Kaka yako umemtaja kwa kupitia tu, lakini ndiye aliyenifanya nikujibu haraka. Kisukari cha aina ya 2 kinachoanza ukubwani mara nyingi humkuta mtu amenenepa au anaendelea kunenepa. Kinapoanza huku mwili unakonda, tena kuliko masharti ya chakula yanavyoweza kueleza, daktari hulazimika kukitazama kwa jicho jingine, kwa sababu uvimbe kwenye kongosho unaweza kuvuruga sukari ya damu miezi mingi kabla mtu hajasikia maumivu yoyote. Sisemi kwamba kaka yako ana saratani. Kati ya watu 100 wenye miaka 50 na zaidi wanaogundulika na kisukari kipya, ni kama 1 tu anayekutwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka 3. Ila yeye ana mambo mengine juu yake: anavuta, anapungua, na baba yake mzazi aliugua. Aende kwa daktari wiki hii, na ayaseme yote hayo kwa pamoja. Akisema tu "sukari imepanda" atabadilishiwa dawa na kurudi nyumbani. Akisema kisukari ni kipya, kilo zimeshuka na baba alifariki kwa saratani ya kongosho, mazungumzo yatakuwa mengine na huenda akaandikiwa kipimo cha picha cha CT. Kama macho yamekuwa ya njano, mkojo umekolea, kinyesi kimepauka na kina mafuta, au anaumwa chembe ya moyo na maumivu yanapenya hadi mgongoni, basi asisubiri hata wiki.

Sasa tuje kwenye chakula.

Hakuna chakula hata kimoja ambacho kimethibitishwa kuleta saratani ya kongosho kwa namna ile sigara ilivyothibitishwa. Mvutaji ana hatari karibu mara mbili ya asiyevuta, na inakadiriwa kwamba kati ya wagonjwa 4 au 5, mmoja ugonjwa wake umetokana na tumbaku. Chakula hakijafika huko. Athari yake ipo, lakini hupita njia ndefu zaidi: uzito wa mwili, insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu), na miaka mingi. Ukiielewa njia hiyo, nusu ya unayoyaogopa yatakutoka yenyewe.

Kongosho lina urefu wa sentimita 15 hivi, limelala nyuma ya tumbo la chakula, na kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mwembamba. Sehemu kubwa yake hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula na kuvimwaga utumboni kupitia mirija. Katikati ya nyama hiyo kuna visiwa vidogo vya seli vinavyotengeneza insulini. Zaidi ya saratani 9 kati ya 10 za kongosho huanzia upande wa vimeng'enya na mirija, wala si kwenye visiwa. Hata hivyo majirani hawa wanaishi karibu mno. Damu inayotoka kwenye visiwa, ikiwa na insulini nyingi kuliko itakayokuwa nayo ikifika mkononi au mguuni, hupita kwanza kwenye seli za pembeni.

Mtu anapojaza mafuta, hasa ya kiunoni, seli za misuli na ini huizibia insulini masikio, nalo kongosho hulazimika kupaza sauti: insulini inatoka nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. Insulini haishughulikii sukari peke yake. Huziambia seli zikue pia. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walionyesha kwa panya kwamba insulini iliyozidi husukuma moja kwa moja seli zinazotengeneza vimeng'enya kuelekea mabadiliko yanayotangulia saratani. Panya si binadamu, najua, ila matokeo hayo yanaoana na kile tunachokiona kwa watu: wenye unene uliokithiri wana hatari iliyo juu kwa takribani asilimia 20, na kisukari cha aina ya 2 cha muda mrefu nacho huongeza hatari. Pamoja na hayo, mafuta yaliyojaa ndani ya kongosho lenyewe huleta mchochota wa chini kwa chini usiokwisha, na seli zinazoharibika na kujijenga upya kila mara hupata nafasi zaidi za kukosea.

Kosa lenyewe linajulikana kwa jina. Zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe wa aina hii huwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo KRAS. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba watu wazima wengi wana vidoa vidogo vyenye hitilafu hiyo ndani ya kongosho, na wanazeeka navyo bila kuugua. Vichache tu huendelea, tena polepole: uchunguzi wa jeni za uvimbe uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba kutoka hitilafu ya kwanza hadi seli ya saratani kamili hupita zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo usijitese ukikumbuka mzee alikula nini mwaka wake wa mwisho. Ugonjwa ulikuwa umeanza zamani, na huenda ndio uliokuwa ukimchagulia chakula.

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito katika utafiti kuliko inavyoonekana. Saratani ya kongosho humpunguzia mtu hamu ya kula, humfanya achukie baadhi ya vyakula na kumkondesha kabla haijagunduliwa. Ukimwuliza mgonjwa leo anakula nini, unaweza kuyachukua matokeo ya ugonjwa ukadhani ndiyo chanzo. Kahawa iliponea chupuchupu hapo.

Mwaka 1981 Brian MacMahon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wa wagonjwa 369 wa saratani ya kongosho, waliolinganishwa na wagonjwa wengine 644 wasio na saratani hiyo. Wanywaji wa kahawa walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi, na habari ikaenea duniani kote. Kasoro ilikuwa kwa wale 644. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa madaktari wale wale wanaotibu tumbo na utumbo, na mtu mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia mara nyingi huwa ameshapunguza kahawa, kwa kuambiwa au kwa kuona inamsumbua. Kwa hiyo si kwamba wenye saratani walikunywa kahawa nyingi. Wenzao ndio walikuwa wameiacha. Tafiti kubwa zilizofuata, zilizoanza na watu wazima wenye afya na kuwafuatilia kwa miaka, hazikuthibitisha madai yale. Mwaka 2012 jopo la Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani lilihitimisha kwamba kahawa haielekei kuwa na athari yoyote ya maana kwa ugonjwa huu. Rudia kahawa yako. Na chai pia, sioni kwa nini umeionea.

Kuhusu sukari, hilo la "kulisha saratani" lina chembe ya ukweli iliyopindishwa. Seli za saratani hutumia glukosi nyingi, yaani sukari iliyo kwenye damu, ni kweli. Lakini kila seli ya mwili hutumia glukosi, na ukiacha kula sukari kabisa, ini lako litaitengeneza lenyewe kwa sababu ubongo hauwezi kukaa bila hiyo. Huwezi kuushindisha uvimbe na njaa kwa kunywa chai kavu. Swali la maana ni kama sukari nyingi kwa miaka mingi huongeza uwezekano wa ugonjwa kuanza. Utafiti wa Wachina wa Singapore uliotolewa mwaka 2010 ulitangazwa sana kwa sababu waliokunywa soda mbili au zaidi kwa wiki walionekana kuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 87. Asilimia hiyo inatisha mpaka uulize ilitoka kwa wangapi: wagonjwa wote katika utafiti huo walikuwa 140, na wanywaji wa soda kati yao walikuwa wachache. Tafiti 14 za ufuatiliaji zilipounganishwa baadaye, uhusiano ulio wazi haukuonekana. Mimi bado nawaambia watu wapunguze soda na juisi za viwandani, kwa sababu sukari ya kunywa haishibishi, inanenepesha na inaleta kisukari, na hayo mawili tumeshaona yanaelekea wapi. Kijiko cha sukari kwenye kikombe hakistahili hofu uliyonayo.

Nyama inahitaji maelezo marefu kidogo. Mwaka 2015 wataalamu 22 walikutana Lyon, Ufaransa, chini ya IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani. Nyama za kusindikwa kama soseji na bekoni waliziweka Kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Nyama nyekundu waliiweka Kundi la 2A, vitu vinavyoelekea kusababisha. Sababu kuu ilikuwa saratani ya utumbo mpana, ingawa kwa nyama nyekundu waliona pia dalili za uhusiano na kongosho na tezi dume. Watu wakasikia soseji iko kundi moja na sigara, na wengine wanairudia kauli hiyo mpaka leo kana kwamba hatari zake zinalingana. Makundi yale hupima ushahidi una nguvu kiasi gani, hayapimi hatari ina ukubwa gani. Kwa upande wa kongosho, ushahidi wa nyama ni wa kiwango cha "inadokeza": upo, unaelekea upande mmoja, ila haujatosha kuhukumu.

Namna nyama inavyopikwa nayo ina uzito. Itazame iliyo juu ya makaa. Mafuta yanadondoka motoni, moto unaruka, moshi unapanda na kurudi kuganda juu ya nyama ile ile ukiwa umebeba kemikali zinazoharibu jeni. Upande uliogusa chuma unakuwa mweusi, na humo kwenye weusi ndimo zinamojitengeneza kemikali nyingine zinazoharibu jeni, ziitwazo amini za heterosaikliki, kutokana na protini ya misuli kukutana na joto kali. Nyama iliyochemshwa au kuokwa kwa moto wa wastani haina kiasi hicho. Kwenye zile za kusindikwa kuna jambo lingine: nitriti zinazotumika kuhifadhi huweza kubadilika tumboni kuwa kemikali za jamii ya nitroso, na madini ya chuma yaliyo kwenye wekundu wa nyama huzidisha mabadiliko hayo. Hukuwa na haja ya kuacha nyama kabisa. Mfuko nilioutaja hapo juu unashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikipimwa ikiwa imeshaiva, na za kusindikwa ziwe kidogo sana au zisiwepo. Ukipenda ya kuchoma, ichemshe kwanza iive nusu, igeuze mara kwa mara, iepushe na ndimi za moto, na ukate palipoungua utupe.

Pombe hukuiuliza, ila kaka yako anaweza kuuliza. Unywaji mkubwa wa miaka mingi ni chanzo kinachojulikana cha mchochota sugu wa kongosho, na mchochota huo huongeza sana hatari ya saratani. Mwaka 2025 tafiti 30 zenye watu karibu milioni 2.5 ziliunganishwa, zikaonyesha hatari ikipanda kidogo kadiri unywaji unavyoongezeka, hata kwa wasiowahi kuvuta. Sigara na pombe pamoja ndivyo ningeanza navyo kwa kaka yako kabla sijamgusia nyama.

Kinachozuia je? Hapa nitakuwa mbahili wa ahadi. Mboga, matunda, kunde na nafaka zisizokobolewa huonekana kulinda katika tafiti zinazowauliza wagonjwa walikula nini zamani, lakini katika tafiti za kuwafuatilia watu wazima wenye afya nguvu hiyo hupungua sana. Utafiti wa wauguzi wa kike zaidi ya 75,000 wa Marekani, uliotolewa mwaka 2013, uliona kwamba waliokula karanga za aina mbalimbali mara mbili au zaidi kwa wiki, gramu 28 kila mara, walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 35. Ni habari njema, nami karanga nazipenda, ila wanaokula karanga kwa kawaida pia ni wembamba zaidi na hufanya mazoezi zaidi. Watafiti hujitahidi kuyatenganisha hayo kwa hesabu, na hesabu haimalizi kila kitu.

Jaribio ninalolipa uzito mkubwa ni la Marekani lililohusisha wanawake karibu 49,000 waliokwisha koma hedhi, kwa sababu hawakujichagulia kundi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta hadi kama asilimia 20 ya nishati ya siku na kuongeza mboga, matunda na nafaka. La pili liliendelea kula kama kawaida. Baada ya ufuatiliaji wa wastani wa karibu miaka 15, kwa wanawake wote kwa jumla tofauti ya saratani ya kongosho ilikuwa ndogo, haikutosha kusema lolote. Lakini kwa wale walioanza wakiwa na uzito uliozidi, waliobadilisha chakula waliugua pungufu kwa takribani asilimia 29. Haya ni matokeo ya sehemu moja ya kundi, siyajengei ghorofa. Hata hivyo yanaelekeza pale pale: chakula kilisaidia waliokuwa na uzito wa kupunguza. Na wewe umeniambia uzito umezidi kidogo. Kilo chache zikishuka taratibu na zisirudi zitakufaa kuliko orodha yote ya vyakula ulivyojikataza.

Vidonge sikushauri. Nchini Finland, wanaume wavutaji 29,133 walipewa vitamini E, beta karotini, vyote viwili au kidonge kisicho na dawa. Kongosho halikupata kinga, na waliomeza beta karotini waliugua saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia kama 18. Matokeo ya mapafu yalitangazwa mwaka 1994, na tangu hapo sijaona kidonge cha virutubisho kilichothibitika kulinda kongosho la mtu yeyote. Vile vinavyouzwa kwa jina la "kusafisha kongosho" ni biashara tu. Kongosho halisafishwi.

Tuweke ukubwa wa hatari mahali pake. Kwa takwimu za Marekani, mtu 1 kati ya kama 60 hupata saratani ya kongosho maishani mwake, yaani 17 hivi katika kila 1,000. Ongezeko la hatari la asilimia 20 linaloletwa na unene uliokithiri linawafikisha kama 20 katika 1,000. Kuwa na mzazi, ndugu au mtoto mmoja aliyeugua huongeza hatari karibu mara mbili. Ni ongezeko la kweli, lakini hata hivyo walio wengi sana katika hali yako hawataugua.

Kwa sababu ya baba, huenda mtu akakushauri upime damu kipimo kiitwacho CA 19-9 "ili kujiridhisha". Usikipime kwa sababu hiyo. Kemikali inayopimwa huweza kupanda hata pale mirija ya nyongo inapoziba kwa mawe tu, na wapo watu ambao miili yao haitengenezi kemikali hiyo kabisa, hivyo kitasoma chini hata wakiwa wagonjwa. Kufuatiliwa kwa kipimo cha picha cha MRI au cha endoskopi (mrija unaopitishwa mdomoni) kila mwaka huwafaa wenye ndugu wa damu wa karibu zaidi ya mmoja waliougua, au wenye jeni ya kurithi inayojulikana. Wagonjwa kati ya 5 na 10 katika kila 100 wana chanzo cha kurithi, na mojawapo ya jeni hizo, BRCA2, ndiyo ile ile inayopitisha saratani ya matiti na ya ovari kwenye ukoo. Kwa kuwa mzee hayupo tena wa kupimwa, wewe na kaka yako mnaweza kuomba ushauri wa vipimo vya jeni. Kabla ya kwenda, kaa na shangazi zako uwaulize nani upande wa baba aliwahi kuugua saratani, ya kiungo gani, na alikuwa na umri gani ilipogundulika. Yaandike, uende nayo.